Ua la Bahari Sebuleni kwa Bamdogo

Maji ya bahari yakikaa muda kwenye dumu la plastiki hutoa harufu yake, nusu chuma, nusu yai bichi. Wenzangu wa chuo cha uvuvi walikuwa wakiziba pua. Mimi nilisimama katikati ya maabara na ndoo mkononi, nikajiona niko Bariadi tena, msichana wa darasa la sita aliyepiga magoti mbele ya tangi la kioo.

Niwaambie kwanza mimi ni nani, maana siku hizi watu husimulia habari zangu wanavyotaka. Nina diploma. Niliongoza darasa letu, wavulana wakiwemo. Nimefanya kazi pwani, nimerudi kwetu Simiyu, nimejenga Nyalikungu nyumba ya tofali za kuchoma yenye marumaru hadi jikoni, na hakuna aliyenichangia hata msumari. Bamdogo anapita akisema yeye ndiye aliyenisomesha. Basi msikilize alivyonisomesha.

Ilikuwa miaka ya soko huria, pamba ilipoanza kununuliwa na watu binafsi na mizani za ushirika zikabaki zikipata kutu. Bamdogo, mdogo wake baba, aliacha kuchunga ng'ombe Mwamapalala, akahamia Bariadi mjini, akawa wakala wa tajiri mmoja wa Dar es Salaam. Akaezeka bati, akanunua jenereta. Siku moja lori lililopeleka marobota ya pamba Dar likarudi na zawadi ya yule tajiri: tangi la kioo, madumu ya maji ya bahari, na jiwe lililoshikwa na kiumbe laini, rangi ya maziwa yenye chai kidogo, mwenye vidole vingi vinavyochezacheza. Vitabuni anaitwa anemoni. Sisi tulimwita ua la bahari. Watu walitoka hadi Mkula kuja kumtazama, na bibi mmoja alimsalimia kabisa, "Mwangaluka," akasubiri ajibiwe.

Ua hilo ndilo lililonileta mjini. Mamdogo, mkewe, alikuwa na biashara ya vitenge, hakuwa na muda wa kuhudumia kitu kisicholiwa. Bamdogo akamwambia baba, "Nipe huyu wa kike, anajua kutulia. Atatunza tangi, na mimi nitamsomesha." Kijijini shule yetu ilikuwa na mwalimu anayekuja akipenda, na wasichana wa rika langu walishaanza kuulizwa idadi ya ng'ombe wa mahari yao. Nilielewa vizuri: ua likiishi, nasoma.

Nikalitunza kama macho yangu. Tajiri mwenyewe alinielekeza alipopita mara ya kwanza, akiongea polepole kama anayesema na kiziwi: maji yakipungua, ongeza ya mvua; chumvi usiguse, maana chumvi haiondoki na jua, inabaki mle mle. Kila asubuhi nilikagua pampu ndogo ya hewa iliyokula betri ya gari. Nilikata samaki vipande vidogo kama kucha, nikavichoma kwenye kijiti cha ufagio, nikalipelekea. Vidole vyake vilishika kijiti kwa kunata, vikajikunja taratibu kuelekea mdomoni. Mabaki niliyatoa kwa kijiko kabla hayajanuka. Siku nyingine nilitia kidole changu, likanishika. Pale nyumbani hapakuwa na mwingine aliyenishika mkono.

Kisha likaja juma ambalo tajiri alitazamiwa kuja kuamua ni wakala yupi apewe mtaji wa kununulia pamba ya msimu. Nikaamka nikalikuta ua limenywea. Vidole vyote vimeingia ndani, limebaki donge kama fizi ya kibogoyo.

Bamdogo aliinama, akatazama. Halafu akauliza, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, ng'ombe akizubaa, hali, hanywi, kichwa chini, anapewa nini?"

"Chumvi," nikajibu. Mtoto gani wa Kisukuma asiyejua?

"Basi."

"Lakini bamdogo, tajiri alikataza."

"Tajiri amechunga wapi? Mimi nimefufua madume yaliyokwisha kuitiwa wanunuzi wa ngozi! Leta."

Nilileta mwenyewe kile kikapu cha chumvi ya mawe. Akaiponda, akamimina konzi kwa konzi, akikoroga kwa mwiko wa ugali, huku akilisemesha lile donge kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini anayotumia mchungaji kwa ndama. Nilimpenda dakika ile. Alionekana mtu anayejua.

Asubuhi tangi lilikuwa jeupe kama maji ya mchele, na ua lilikuwa kamasi juu ya jiwe.

Mamdogo aliniita jikoni. "Sema ni wewe," alininong'oneza, mikono yake ikiwa na unga. "Wewe ni mtoto, utasamehewa. Yeye akikosa mtaji wa huyu mtu, sote tunarudi kijijini. Sawa, mayu?"

Mchana tajiri alisimama mbele ya tangi, leso puani. Bamdogo akanionyesha kwa kidevu. Nikasema, "Ni mimi. Nilitia chumvi."

Tajiri hakunigombeza. Alimgeukia bamdogo, akicheka kidogo. "Mtoto nimemwelekeza mwenyewe, hasikii. Nyumba yako ndivyo inavyokusikiliza? Na wanunuzi wako wa pamba je, watakusikia?"

"Huyu kesho anarudi kwao," bamdogo akajibu haraka.

Nilirudi. Baba alisikia habari, akasema tu kwamba nimejiharibia. Nilirudia darasa chini ya mwalimu yule yule wa kuja akipenda, nikauza karanga, nikawakataa ng'ombe wa watu, nikafika nilikofika nikiamini kwamba ua liliugua mikononi mwangu, kwamba niliua kitu na nikastahili kurudishwa. Hadi mhadhiri wetu aliposema, kwa kupita tu, kwamba anemoni hunywea mara kwa mara kutoa uchafu mwilini, hufanana na mfu, na baada ya siku moja mbili hufunguka tena. Halikuwa hata gonjwa.

Lakini si hilo linaloniuma zaidi. Asubuhi ile ya kurudishwa, stendi, bamdogo aliniombea kwa kondakta kiti cha dirishani. Akaninunulia soda, akaifungua kwa meno yake, akaniwekea mkono kichwani, ukakaa. Nililia kwa shukrani. Kwa miaka mingi nilisema, bamdogo ni mtu mwema, nilimharibia kitu chake na bado alininywesha soda.

Sasa nina wafanyakazi wangu, na wameshaniharibia vitu. Naijua hasira ya mwenye mali, haifungui soda. Mkono ule uliokaa kichwani mwangu ulikuwa wa mtu aliyejua wazi kwamba sina kosa, na aliyeusubiri kwa upole mlango wa basi ufungwe.