Siku Niliyoangusha Hema Nikisikiliza Pawasoo

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaonyeshwa ile video, maana najua iko kwa simu ya nani na nani, na najua kwa nini siku hizi jirani yangu Gacheri tukikutana sokoni anageuka kuangalia ndizi hata kama hanunui ndizi. Ndiyo, yule mwanamke aliyeshika pawasoo, msumeno wa injini, ni mimi. Kofia ngumu ya njano imeinama upande mmoja juu ya kitambaa changu cha kanisa, macho yamefungwa kama mtu anayeomba, na yule anayetambaa kutoka chini ya hema na chai kwa shati ni chifu wetu.

Ilianza na kitu kidogo sana. Nilikuwa nataka msumeno wa kunitosha nyumbani, basi. Mzee wangu, mume wangu Baba Karimi, alikuwa fundi wa kupasua mbao, kuanzia kwetu huku juu mpaka chini Mitunguu watu walimjua, na mashine yake ilikuwa moja tu, ya zamani, aliyoitunza kuliko alivyotunza meno yake. Alipofariki, wiki ile ya mazishi nyumba imejaa watu, mtu akaingia stoo akaibeba, na mpaka leo sijui ni nani. Niliililia hiyo mashine peke yake, siku yake tofauti (wageni walidhani nalilia hasara). Tangu hapo upepo ukiangusha tawi la makadamia, linalala hapo mpaka nimpate mtu, na mtu mwenyewe anasema kesho, na kesho yake pia anasema kesho.

Basi ikatangazwa kanisani kwamba kampuni moja ya vifaa vya shamba inakuja Mitunguu kuonyesha watu pawasoo, za kila aina, na kuna chai. Nikamwambia Gacheri twende tuone. Tukafika tukapata hema kubwa uwanjani, wageni wa heshima wamekaa kivulini na sufuria ya chai karibu yao, na nje kwenye jua kuna meza imepangwa misumeno inang'aa kama viatu vya harusi. Kijana wa kampuni aliitwa Mwenda, ana kipaza sauti kimefungwa kwa shati.

"Mama, yako ni ya kazi ama ni ya nyumbani?" akaniuliza.

"Ya nyumbani. Matawi, na kuni mara moja moja."

Akafurahi, akaanza kunieleza. Hii ya rangi ya machungwa ni nzito kidogo na bei iko juu, lakini spea zake unapata Meru mjini bila kusumbuka, na mafundi wanaijua. Hii nyekundu, ya jina ambalo hata yeye alilitamka akijaribu, ni rahisi, kwa boksi unapata na mnyororo wa ziada, ila inatetemeka mpaka mkono unawasha. Na hii ya betri haitaki petroli, haitaki kuchanganya oili, unabonyeza tu inakata, inamfaa mtu wa tawi moja Jumamosi, lakini gogo kubwa litakuacha katikati na betri imeisha. Hapo ningesema asante, nichukue chai yangu, niende nikafikirie. Badala yake nikamwambia, "Washa kwanza niskie."

Ni hilo tu. Washa niskie.

Akawasha ya machungwa, ikatoa sauti kavu, safi, kama mtu aliyesomea ng'ambo. Nikamwambia hapana, washa ingine. Ile nyekundu ikapiga kelele kama imeibiwa. Ya betri ikalia kama blenda ya jirani. Nikamwambia arudie ile ya kwanza. Watu wakaanza kusogea, wakisema huyu mama ni mnunuzi kweli, anajua anachotaka, na Mwenda akazidi kutia bidii, maskini, hakujua kwamba sikuwa nalinganisha misumeno. Nilikuwa natafuta mtu.

Nieleze. Mashine ya Baba Karimi ilikuwa inakohoa kwanza, inanyamaza kama imebadilisha nia, halafu ndiyo inashika, na ikishika ina mluzi mdogo chini ya ule mngurumo. Mimi nikiwa jikoni ningeskia nijue yuko ng'ambo ya mto ama yuko kwa shamba la mwalimu, na ikinyamaza kwa muda naweka chai, maana najua anafuta mnyororo anarudi. Miaka yote ya ndoa nilipika kwa masikio. Sasa nyumba imekuwa kimya mpaka chai nasahau kuiweka.

Mwenda alikuwa pia amealika fundi mmoja kutoka Siakago, mzee anaitwa Ireri, aje na mashine yake ya zamani ili watu waone tofauti ya kuukuu na mpya. Ireri akaiweka chini, akakanyaga, akavuta kamba. Ikakohoa. Ikanyamaza. Akavuta tena, ikashika, na chini ya mngurumo nikaskia ule mluzi, ingawa niliona si mashine yake.

Nikaskia mdomo wangu ukisema, "Nataka hiyo."

Watu wakacheka sana. Mwenda akasema kwa kipaza sauti, "Mama, hiyo hatuuzi, hiyo tumeileta muone shida."

"Basi niishike tu."

"Wacha aishike," Ireri akasema (kwa Kiswahili, maana Kimeru chetu anakiskia nusu). "Si ni gogo."

Wakanivisha kofia, na vile vya kufunika masikio nikavitoa, ningekuja kufanya nini kama siskii? Gogo lilikuwa limewekwa kwa stendi karibu na kona ya hema. Nikakata vizuri kabisa, nisijisifu lakini hata Ireri alitikisa kichwa akikubali. Kipande kikaanguka. Hapo mtu mwenye akili anaachilia aksileta. Kidole changu kilikataa. Nilijua nikiachilia itanyamaza, na nilikuwa nimekaa na huo ukimya muda mrefu, nikafunga macho, nikarudi nyuma hatua kidogo, nikageuka kidogo, nikawa niko jikoni kwangu na yeye yuko ng'ambo ya mto. Nikaskia watu wanapiga kelele. Nikadhani wananishangilia. Nikaongeza moto.

Mnyororo ulishika ile kamba inayovuta kona ya hema, ukaila, ukaizungusha, na upepo wa Mitunguu hauhitaji kuombwa. Nilipofungua macho mashine ilikuwa imezimika, kamba imejisokota juu yake, nguzo imelala, na mahali palipokuwa na wageni wa heshima palikuwa na turubai jeupe linatembea. Akatoka mchungaji. Wakatoka wamama wa chai bila chai. Mwisho akatoka chifu, amelowa kuanzia kola. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, na kwa bahati chai ilikuwa imepoa.

Mwenda akanijia mbio, uso umebadilika. "Mama, kwani hukuskia tukikuita?"

"Nilikuwa namskiza mzee wangu," nikasema.

Ndugu zangu, kile kipaza sauti kilikuwa bado kimefungwa kwa shati lake. Yale maneno yalienda uwanja mzima, yakaenda mpaka kwa wauza vitunguu ng'ambo ya barabara. Mtu mmoja akacheka, halafu akaacha. Kuangusha hema ningejifunza kuishi nalo. Lakini hilo la kumskiza mzee sikuwa nimemwambia hata Karimi, mtoto wangu wa kuzaa, na sasa nimewaambia watu wa vitunguu.

Chifu akakamua mkono wa shati. "Baba Karimi ndiye alipasua mbao za nyumba yangu," akasema. "Tafutieni mama kiti."

Nikakaa sikumwangalia mtu. Ireri alichuchumaa karibu yangu akitoa kamba kwa mnyororo polepole, akanionea huruma bila kuniangalia.

"Hii siwezi kukuuzia, mama, ndiyo inanilisha. Lakini bwana yako alikuwa anafanya nini ikikohoa?"

"Aliitukana kwanza."

"Basi ni kama yangu kabisa," akasema, na tukacheka wote wawili, mimi huku nalia.

Nimeapa sitajaribu tena kitu mbele ya watu, hata kiatu. Pawasoo nilikuja kununua Nkubu kwa duka lisilonijua, ile ya machungwa, ndogo, na muuzaji aliposema aiwashe niskie nikamwambia afunge boksi tu. Nimejifunza kuikanyaga na kuivuta, matawi yamekwisha, kuni ziko. Inawaka mara moja, haikohoi. Mwanzoni nilikuwa naichukia kwa hilo. Juzi nikiwa chini ya makadamia nilitaka kukumbuka ule mluzi nikashindwa, nikazima mashine nikasimama pale nikingoja unirudie, na sauti pekee iliyokuja kichwani ilikuwa ya hii mpya.