Mama Hakujua Kuaga

Mama yangu hakujua kuaga. Alikuwa akiuza viazi sokoni Mwanjelwa, Mbeya, na kila alipoinuka, iwe anakwenda chooni au anakwenda msibani Tukuyu na kulala huko huko, alimwambia jirani yake wa meza neno lile lile: "Nakuja." Nilipokuwa mdogo neno hilo lilinikera sana. Mtu kanipa mgongo, anatokomea, halafu anasema anakuja! Nilikaa juu ya ndoo yake iliyofudikizwa, nikikodolea macho kila kilemba kilichopita. Alirudi, tena mara nyingi na hindi la kuchoma.

Nilipopata nafasi ya kusomea shahada ya ustawi wa jamii Iringa, wauzaji wenzake walidhani nitakuwa hakimu wa ndoa. Mama hakuwasahihisha, cheo kilimpendeza. Yeye alitaka jambo moja tu: siku ya mahafali apande basi, aje anione nimevaa joho. Kitenge cha siku hiyo alikinunua nikiwa bado mwaka wa kwanza. Iringa hakuwahi kufika, ila aliizungumzia kama amezaliwa huko: vumbi, upepo, na watu wasiocheka ovyo.

Mwaka wa pili mhadhiri wetu mmoja, mama mkali mwenye sauti ya upole, alitufundisha namna ya kumaliza kazi na mteja. Tukaigiza. Mimi nikawa afisa, mwenzangu mteja. Nikazungumza vizuri, nikasikiliza, nikainuka na kusema, "Haya mama, nakuja." Darasa zima likaangua kicheko.

"Unakuja wapi?" mhadhiri akauliza. "Kazi imekwisha. Mwambie imekwisha. Usimwache mtu anakusubiri."

Nilinuna hadi jioni. Nilihisi amemsema mama yangu.

Hata hivyo nilishika alichofundisha. Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, nilipangiwa Kilolo, na huko nikawa namtembelea bibi mmoja aliyeishi peke yake, watoto wake wametawanyika mijini. Kila nilipofika aliitika salamu yangu ya "Kamwene" kwa kuicheka, maana Kihehe changu kilikuwa na lafudhi ya Mbeya. Siku ya mwisho nikamweleza kama tulivyofundishwa: mafunzo yangu yamekwisha, leo ndiyo kwaheri, ataendelea na afisa wa kata. Akanitazama.

"Mjukuu wangu, kwani tumegombana?"

"Hapana, bibi."

"Basi sema unakuja."

"Lakini sitarudi, bibi."

"Najua. Mimi si mtoto. Ila mtu mzima haachwi hivyo, kama mnamzika. Sema tu."

Nikasema. Akatabasamu, akanisindikiza hadi barabarani, na njia nzima nilimkumbuka mama yangu.

Mwaka wa mwisho mama akaugua. Nilikwenda Mbeya kila nilipopata mwanya, na kila mara akanifukuza nirudi kusoma. Kitenge kikapelekwa kwa fundi, kikapunguzwa, kikapunguzwa tena. Wiki ya mahafali alikuwa amelazwa. Nikapiga simu, mama mdogo akamwekea sikioni.

"Mama, mahafali ni Jumamosi. Joho nimeshachukua."

Nikasikia anavyopumua.

"Ndaga, mwanangu," akasema, yaani asante. Kisha, taratibu, "Nakuja."

Nilirukaruka kama mwendawazimu. Nikafua mashuka, nikaanika blanketi juani, nikamwomba mama mwenye nyumba godoro la pili. Nilikuwa nimesomea kusikiliza watu, na neno nililokua nalo nikalisikia upande wa kuja tu, si wa kuondoka. Alhamisi mama mdogo akapiga: mama amefariki. Godoro nililirudisha mwenyewe, likiwa bado limekunjwa. Jumamosi ile wenzangu walipovaa majoho, sisi tulikuwa makaburini Mbeya, na mama alizikwa na kitenge chake.

Sasa nafanya kazi hapa hapa Mbeya. Wateja wangu nawaaga vizuri, kwa utaratibu, na wazee nawaambia nakuja, mhadhiri anisamehe. Wiki iliyopita nilipita Mwanjelwa. Jirani wa mama bado yupo, na meza ya mama ameiunga na yake. Ndoo ile ile ipo, imefudikizwa. Aliponiona akafurahi, akajifunga khanga upya.

"Afadhali umekuja. Niangalizie viazi, nakuja."

Akanipa mgongo, akapotea kwenye watu. Nikakaa juu ya ndoo. Nikajikuta natazama vilemba, kimoja kimoja, na mimi mtu mzima mwenye shahada.

Akarudi. Alirudi kweli, na hindi la kuchoma mkononi, akanikatia nusu. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikashindwa kulila, maana aliyekuja hakuwa mama.