Swichi Mbili za Baba

Sisi tuliokulia Ramisi miaka ile bendera ya uhuru ingali mpya, umeme tulikuwa tukiuheshimu. Nyumba za wafanyakazi zilinuka molasi mchana kutwa, na joto la humo sitaki hata kulikumbuka. Basi Baba, fundi umeme wa kiwanda cha sukari, akatuwekea pangaboi, feni ya darini, sebuleni, la kwanza katika safu yetu. Akaweka na swichi mbili, moja mlango wa mbele na moja mlango wa uani, ili Bibi, mama yake Mama, asilazimike kukatiza mbele ya mkwewe. Siku hizo mtu na mkwewe hawakutazamana usoni, sembuse kugombana.

Ila Baba alifanya kosa moja, na mpaka leo linaniudhi. Waya ulimpungukia, akafunga taa na pangaboi pamoja. Ukitaka upepo saa nane mchana, taa nayo sharti iwake. Na Bibi hakuvumilia taa ya mchana. Kila akipita mlango wa uani, huyo, anaizima.

Siku moja wazee wa Munje wakaja kumposa dada yangu Mwanamisi, ambaye kwa kumtaka kijana wao alikuwa halali wala hali. Baba katia kanzu, pangaboi linazunguka. Mzee wao kufungua kinywa tu, likasimama. Baba akainuka, akawasha. Mzee akaanza upya, Bibi akapita na sahani ya mahamri, likasimama tena. Mara nne. Wageni wakaanza kutazamana, maana kumkalisha mposaji kwenye joto ni kumwambia aende zake. Uani dada analia. Baba jasho limemgandisha kanzu mgongoni, na hathubutu kupaza sauti. Akanituma mimi kwa Bibi. Bibi akanijibu, "Mwambie babako jua halijatua."

Nami kwa ujinga wangu nikalirudisha jibu hilo mbele ya wote.

"Kwani anayezima ni nani?" akauliza mzee wa Munje.

Baba akainamisha kichwa. "Ni mkwe wangu, mzee."

Yule mzee akajifuta uso kwa kilemba. "Mtu anayekubali kutota jasho hivi kuliko kumkemea mkwewe, binti aliyemlea ndiye tumtakaye. Tusome Fatiha." Wakaisoma, pangaboi limesimama kimya.

Leo mimi ndiye mkwe. Mume wa binti yangu, kijana mwema wa Diani, ana feni ya rimoti, na rimoti ikimpotea hajisumbui hata kuketi. "Mama," ananiita akiwa amejilaza kwenye kochi, "hebu niwashie hiyo feni." Wallahi hunikera. Lakini nainuka, naiwasha kwa swichi ya mlangoni, na naikumbuka kanzu ya Baba iliyomganda mgongoni, roho inaniuma.

Kisha nikipita mlangoni, naizima.