Mwaka Ambao Hatukuchoma Nyasi

Kila majira ya baridi, wafanyakazi wa hifadhi moja hapa Durban huchoma nyasi kandokando ya msitu, na upepo ukielekea pwani moshi hufika hadi kwenye fleti yetu ya South Beach. Mke wangu hufunga madirisha. Baba huyafungua tena.

Harufu hiyo hunirudisha Katanga, kwenye kijiji kilichozungukwa na miombo, miti ya magome mazito iliyosimama mbalimbali, nyasi zikiota katikati yake. Mahali pamoja tu palikuwa na giza mchana: muhulu, msitu mdogo uliofungamana, wenye miti ya magome membamba, na kivuli kisichoruhusu hata unyasi mmoja kuota. Humo tulizika wafu wetu. Kila mwanzo wa kiangazi, nyasi zikiwa bado nusu mbichi, wanaume waliuzungushia muhulu moto mdogo, mvivu, uliolamba kidogo na kuzimika. Baba ndiye aliyewaongoza. Sisi watoto tulifuata nyuma tukiokota panya waliobanikwa bila mpishi, kisha tukarudi nyumbani kukana kila kitu kwa midomo myeusi.

Mwaka mmoja mama alifariki akijifungua, akazikwa ukingoni mwa muhulu. Siku ya kuchoma ilipofika, baba aliwazuia wanaume njiani.

“Mwaka hii hapana moto. Udongo ya mama ya batoto haijakauka, munataka kumuchoma?”

Mjomba Kasongo, kaka wa marehemu, alimjibu kwa upole: “Shemeji, moto haijue matanga. Tukiacha haya majani, itatungojea.”

“Basi washa wewe. Tuone kama dada yako atakushukuru.”

Mjomba alikitazama kijinga cha moto alichokishika, akakizima mchangani. Nani angebishana na mgane? Walirudi nyumbani, na mimi, nisiyejua kitu, niliwasikitikia panya wangu.

Nyasi zikakauka zikiwa zimesimama, zikimfika mtu mzima mabegani. Mwishoni mwa kiangazi, upepo ukiwa mkali, moto ulivuka bonde tusijue nani aliyeuwasha, ukaingia muhulu kwa ngurumo. Baba alikimbilia kaburini na tawi bichi. Wanaume walimtoa kwa kumburuta, ngozi ya mikono yake ikining’inia.

Mvua ziliponyesha, miombo iliyoungua ilichipua majani mekundu kana kwamba hakuna kilichotokea. Muhulu haukuchipua. Miti yake ilianguka mmoja baada ya mwingine, jua likafika kaburini, na nyuma ya jua zikaja nyasi. Tangu hapo moto hupita juu ya mama kila mwaka.

Nilidhani ni adhabu. Baadaye, chuoni, nilijifunza kwamba miti ya namna ile haina silaha nyingine ila kivuli chake. Kikitoboka, nyasi huingia, moto huzifuata, na miche haipati nafasi ya kukua. Lakini jambo zito zaidi nililielewa nikiwa na watoto wangu mwenyewe: siku ile njiani, hakuna aliyeyajua hayo vizuri kuliko baba. Alijua, na hakuweza.

Sasa husimama dirishani, vidole vyake visivyokunjuka vikiegemea kioo.

“Majani iko bado mabichi?” huniuliza.

“Ndiyo, Baba. Wamechoma mapema.”

“Ni vizuri,” husema, na hakubali dirisha lifungwe mpaka moshi uishe.