Mbio Zinapita kwa Kidawa

Mke wangu Kidawa hakupata kukimbia hata hatua moja. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu tangu utoto. Lakini muulize yeyote aliyekimbia mbio za hisani hapa Mji Mkongwe, zile za kuwanunulia viti vya magurudumu watoto wasiotembea. Atakutajia Kidawa kabla hajataja medali.

Mimi ni Machano, fundi chokaa. Skuli sikwenda. Nitasema ninachokijua.

Nyumba yetu iko Kiponda, kichochoroni. Ukikutana na mtu mwenye kikapu, mmoja wenu anarudi nyuma. Miaka arobaini na mbili Kidawa alikaa barazani akishona kofia. Kichwa chini, sindano mkononi. Hakuwa na haja ya kumtazama mtu, alimjua kwa miguu. "Huyo viatu vimembana." "Huyo katoka kugombana na mkewe." Hakukosea.

Mwaka wa kwanza mbio zilipopita mlangoni petu, watu walikuja kimya, nyuso zimekunjana. Kidawa akanyanyua kichwa.

"Nyuso gani hizo? Mnakwenda mazikoni?"

Wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akakaa chini, miguu imemwisha. Kidawa akamchotea maji ya kunywa.

Basi ikawa desturi. Kila mwaka ndoo mbili, barafu, ndimu, na kata ya kifuu. Na maneno yake. Mbio huishia Forodhani, ufukweni. Kidawa akamwambia bwana mmoja mwenye kitambi, "Tumbo lako lishafika Forodhani, mwenyewe uko wapi?" Yule bwana hakukosa tena mwaka hata mmoja. Mtu anaweza kukimbia peke yake Kiembe Samaki kila asubuhi, hapana wa kumzuia. Hapa alikuja kusemwa na Kidawa.

Tena Kidawa hakuondoka mpaka wa mwisho apite. Wa mwisho alikuwa yule yule kila mwaka, Mwanapili, mshona nguo wa Michenzani, mwanamke wa mwili. Wenzake washavaa medali, washakula. Kidawa yuko barazani, maji ya Mwanapili kayafunika.

Kidawa alifariki mwezi wa Shaaban. Hapo sitasema zaidi.

Miezi mitatu baadaye, baada ya alasiri, akaja Haitham, mwenyekiti wa kamati ya mbio. Mtoto wa mtaa huu huu, Kidawa alimshonea kofia ya harusi.

"Shikamoo, Mzee Machano."

"Marahaba."

"Babu, kamati tumekaa. Mwaka huu tumeona tusikusumbue. Mbio tutazipitisha njia kubwa. Kwa heshima ya msiba."

"Msiba gani?"

Akatazama viatu vyake. "Wa Bi Kidawa, Babu."

"Kidawa tulimzika. Khitma tukasoma, na wali wewe ukala. Eda wanakaa wanawake. Mimi unaniweka eda ya nini?"

"Si hivyo, Babu. Ramani ishachapwa."

"Mimi kusoma ramani sijui. Njia naijua. Inapita hapa."

"Haya, tutaona."

Kwetu mtu akikwambia tutaona, keshakataa.

Nilijua wamekusudia wema. Lakini wangeihamisha mwaka huu, mwakani wangeizoea njia kubwa, na mwaka wa tatu pasingekuwa na mtu wa kukumbuka kwamba hapa palikuwa na mwanamke akichota maji. Nikasema, labda nife mimi kwanza.

Siku ya mbio nilikamua ndimu mwenyewe. Nikatoa ndoo mbili, kisha nikenda mdomoni mwa kichochoro. Wamefunga utepe wa kuzuia njia. Kasimama Mudrik, muuza vitabu wa Mkunazini, kavaa kizibao cha manjano cha kamati. Nikaufungua utepe, nikaukunja vizuri, nikamtia mkononi.

"Shika mali ya kamati."

"Babu wee, utanifukuzisha kazi!"

"Wanakulipa?"

"Hapana, najitolea."

"Basi wa kujitolea hafukuzwi. Sogea."

Akasogea. Alikuwa anacheka, nilimwona.

Wakimbiaji wakaja. Hawakuuliza ramani wala utepe, walikata kona wenyewe kama maji yanavyojua mfereji. Moyo ukanipanda. Wakaniona nimekaa mahali pake. Mara wakapunguza mwendo. Mkono kifuani, kichwa chini.

"Pole, Babu."

"Pole, Mzee Machano."

Mmoja baada ya mmoja. Hakuna aliyegusa kata. Barafu ikayeyuka mbele ya macho yangu. Njia nimeirudisha, na imenirudia na matanga. Nilitaka kusema kitu, lakini mimi maneno sina. Maneno yalikuwa yake, mimi nilikuwa nabeba ndoo.

Akatokea Haitham, namba kifuani, kashatengeneza uso wa kunipa pole. Sijui nini kilinipata. Nilichota kata nzima nikammwagia kichwani.

"Nyuso gani hizo? Mnakwenda mazikoni?"

Akasimama, maji yanamchuruzika puani. Kisha akacheka, na nyuma yake kichochoro kizima kikacheka.

"Umeniua, Babu!"

"Hujafa. Maiti hatoi jasho kama lako. Kunywa, upishe wenzako."

Wakanywa. Wakadai na wao wasemwe. "Na mimi, Babu! Mimi je?" Nikawasema. Sikuwaweza kama alivyowaweza yeye, lakini yule wa kitambi aliondoka ameridhika.

Kisha wakaisha. Jua likapanda. Mudrik akaja kuniaga.

"Washafika wote, Babu. Ingia ndani upumzike."

"Hawajafika wote."

Nikachota kata moja, nikaifunika. Nikakaa. Kwa muda mrefu hakupita mtu ila paka. Halafu nikasikia miguu, mizito, mmoja unabururwa. Sikunyanyua kichwa.

"Mwanapili, viti vya magurudumu tunawanunulia watoto. Wewe chako hakimo. Vuta miguu!"

Miguu ikasimama. Nikasikia analia, na ndani ya kilio anacheka. Akaja, akapokea kata kwa mikono miwili, akanywa mpaka chini. Akafuta mdomo kwa mtandio.

"Ndimu hazikutosha, Babu. Bi Kidawa alikuwa akizidisha."

"Mwakani wewe zidisha mwendo," nikamwambia, "mimi nitazidisha ndimu."