Machela ya Gurudumu Moja

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa cherehani. Nilipewa sindano ya kushonea magunia na donge la nta. Karakana yetu ilikuwa ndogo, nyuma ya maghala ya kahawa pale Moshi mjini, na Azimio la Arusha lilikuwa bado jipya midomoni mwa watu. Fundi Mkuu, mzee wa kutoka Kilema, kule mlimani, mwenye masikio mazito na sauti ya kwaya, alinisimamia kichwani.

"Binti, uzi uupitishe kwanza kwenye nta," alisema. "Uzi mkavu unakula turubai. Turubai likiliwa, mtu anaanguka."

Nikadhani ananitisha kwa kuwa mimi ndiye mwanamke pekee mle ndani. Baadaye nilielewa. Tulishona mahema na vifuniko vya malori, lakini kazi iliyotupa jina ilikuwa machela, yaani kitanda cha kubebea mgonjwa, kwa ajili ya waokoaji wa mlimani. Mgeni akizidiwa na baridi kule juu, alilazwa kwenye turubai lililofungwa kati ya mabomba mawili ya chuma, na katikati, chini, palikuwa na gurudumu moja la pikipiki. Mtu mmoja alishika mbele, mwingine nyuma. Mabomba yalikuwa ya mafundi wa kuchomelea, na turubai lilikuwa langu.

Siku moja akaja Kapteni kutoka jeshini. Alikuwa ameiona machela yetu huko mlimani, akataka ya askari: nyepesi zaidi, inayokunjika, isiyong'aa juani. Meneja wetu, aliyesomea uhandisi ng'ambo na hakuchoka kutukumbusha, alifurahi kupita kiasi. Kuanzia siku hiyo hatukutengeneza tena kitu, tulifanya utafiti. Nadhani neno hilo alilipenda kuliko alivyompenda mkewe.

Lakini kazi ilikuwa kazi kweli. Tulibadilisha mabomba mazito kwa membamba, yakapinda. Tukarudi kwenye mazito, tukayatoboa matundu ili yapungue uzito. Mimi nilijaribu mishono ya kila namna hadi nikaishia kwenye ule wa kukunja kingo mara mbili na kushona juu yake, kwa sababu haukuachia hata turubai likilowa. Kilichotumaliza akili ni breki. Majaribio tuliyafanyia Kilema, kwenye njia iteremkayo kutoka msituni kwenda hospitali ya misheni, ile ile ambayo wazee wetu walishushia wagonjwa kwa blanketi na miti miwili, wakipokezana mabega kila wanapofika kwenye mfereji. Kwetu sisi, kumbeba mgonjwa maana yake ni kumteremsha. Hofu yetu yote ilikuwa kwamba machela itawaponyoka wabebaji na kukimbia.

Mgonjwa wetu wa majaribio alikuwa mdogo wangu Elia, mwanamume mzima mwenye kihamba chake cha migomba na kahawa. Alikuja kwa hiari, bila malipo, kwa kupenda kubebwa tu. Alilala mikono nyuma ya kichwa kama mangi, chifu wa zamani, akiwasalimia watu njiani. Breki ilipokubali kwenye ule mteremko mkali wa mwisho, alishuka akawaambia waliokuwa wakitazama, "Hii ni kazi ya dada yangu!" Mafundi wa kuchomelea wakanuna.

Kapteni alipokuja kukagua, Meneja alimuuliza, "Kapteni, hii itatumika kwenye ardhi ya namna gani?"

"Hilo ni la jeshi, bwana," alijibu. "Wewe andika ardhi ya Tanzania."

Tulicheka. Ardhi ya Tanzania tuliyoijua sisi ilikuwa hii inayoteremka, ngumu, yenye mawe. Tukaendelea kuimarisha breki. Machela zikakubaliwa, zikapakiwa, zikaondoka.

Kisha vita vya Kagera vikaanza. Elia alikuwa mgambo, akaitwa. Nilikwenda kumuaga, nikaanza kulia mbele ya watu, naye akaona haya.

"Dada, unalilia nini? Nikiumia si nitalala kwenye kazi yako?"

Hakurudi. Taarifa ilifika, tukaomboleza bila maiti. Vita vilipokwisha, akaja mwenzake, kijana wa Singida, kumwona mama yetu. Alimpa shikamoo, akakalishwa, akaletewa mtori wa ndizi, na hakuugusa. Alisema Elia alipigwa risasi ya paja upande wa mtoni, mvua ikinyesha, kwenye matope meusi na mafunjo.

"Tulimlaza kwenye kile kitanda chenye gurudumu," alisema. "Kikazama, mama. Tukikivuta, kinazidi kuzama. Mwisho tuling'oa gurudumu tukalitupa, tukambeba kwenye turubai. Halikupasuka. Ila damu ilikuwa imeshamwishia."

"Mae!" mama alilia.

Nilimsindikiza mgeni hadi barabarani. Nilitaka kujua kama turubai lilimuumiza, kama lilikaa sawa mgongoni, maswali ya kijinga ya fundi. Alisimama akaniangalia.

"Kumbe wewe ndiye dada."

"Ndiye mimi."

"Alikutaja sana." Akasita, nikamwambia aseme tu. "Sisi tulitaka kulitupa lile gurudumu mapema, dada. Yeye akakataa. Kila tulipokwama alisema, 'Vuteni, litatoka. Dada yangu ndiye aliyeitengeneza hii, nimeilalia mwenyewe, naijua.' Tukamsikiliza. Tulivuta muda mrefu."

Alipanda gari akaenda zake. Sikumlaumu, wala simlaumu leo.

Nilimweleza Fundi Mkuu habari ya matope. Sehemu ile nyingine sikumwambia. Alikaa juu ya kreti, mikono magotini, akasema polepole, "Tulimtengenezea mtu wa Kilema." Kesho yake tulianza upya, bila hata kuagizwa. Tuliondoa gurudumu, tukaweka mikanda mipana ya mabegani, wabebaji wanne, kama ile ya blanketi ya wazee. Tukaipeleka kuijaribu tambarare, kwenye mashamba ya mpunga yaliyofurika maji. Safari hii aliyelala ni mimi. Wanaume walizama hadi magotini, nami nikapita juu ya matope yale bila kutikisika, nikilia mpaka wakadhani nimeumia.

"Tukushushe, mama?" waliuliza.

"Endeleeni," niliwaambia.

Meneja alituma taarifa, jibu likawa kwamba vita vimekwisha. Miaka iliyofuata chuma kikaadimika, turubai likaadimika, hata nta tukaitafuta. Fundi Mkuu alistaafu, mimi nikabaki nikishona viraka vya mahema ya zamani chini ya Meneja mpya ambaye hakupenda neno utafiti wala neno lolote. Karakana ilipofungwa, niliagwa kwa soda na hotuba fupi.

Vijana mnaokuja kuniuliza habari za kazi ile, nyote mnataka kujua kama najivunia. Mshono najivunia, ulilowa na haukuachia. Lakini kazini nilizoea wateja wakorofi, waliorudisha mahema wakifoka kwamba sisi ni mafundi uchwara, na niliwachukia. Ningependa Elia angekuwa mmoja wao. Angewaambia wenzake, litupeni dude hili, dada yangu hajui kazi. Ningekasirika kweli, naye angekuwepo wa kumkasirikia.