Baki, Mtakatifu wa Mwezi wa Ziada

Alizaliwa katika mwezi ambao Wahindu hawaanzi jambo. Kalenda yao hufuata mwezi wa angani, na kwa kuwa mwaka wake ni mfupi kuliko wa jua, kila baada ya miaka miwili na kitu huongezwa mwezi mmoja ili sikukuu zisihame majira yake. Katika mwezi huo wa ziada haifungwi ndoa, halifunguliwi duka, wala hakuna anayehamia nyumba mpya. Mama yake alijifungua mtoto huyo wa kike katika chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga, vumbi la unga likiwa limetanda hadi kwenye nyusi za mkunga. Shangazi akachungulia, akasema, "Huyu ni baki la mwaka." Jina likamganda. Baba yake msagaji alimpenda, lakini hakubisha, maana mdomo wa dada yake aliujua.

Kaka yake alipotoka kwenda kuoa, Baki alifungiwa stoo ya magunia, bwana harusi asije akaanza safari kwa kuuona uso wake. Humo ndimo Mungu alimomwitia. Kupitia mlangoni alimsikia kuhani akiwasimulia wageni jinsi mwezi wa ziada, uliochekwa na wenzake kwa kukosa mwenyewe, yaani mungu wa kuumiliki, ulivyomwendea Bwana Vishnu ukilia. Bwana akaupa jina lake mwenyewe, akaahidi kwamba kufunga na kutoa ndani yake kutakuwa na baraka kuliko miezi yote. Baki, juu ya gunia, akacheka kwa furaha. Kumbe alikuwa na mwenyewe! Tangu hapo alifunga kila siku ya kumi na moja, mwezi ukikua na mwezi ukipungua, nafaka isiguse midomo yake. Kwa kuwa nyumba yao ilikuwa unga mtupu, alifagia amejifunga kitambaa mdomoni. Mke wa kaka yake alimtania, "Wifi, ukipiga chafya tu umeshafungua!" Hakuna aliyekuja kumposa, naye hakuhuzunika.

Jaribu lilikuja akiwa mtu mzima, baba ameshafariki. Kaka yake alikuwa amejenga kinu kipya chenye vyumba vikubwa ghorofani. Chokaa ilishakauka, ikisubiriwa saa njema baada ya mwezi wa ziada kupita. Ndipo mto ukavunja kingo. Watu wa bondeni walipanda na magodoro kichwani, wakabanana chini ya ukingo wa paa la jengo lile lililofungwa, na watoto wachanga wakaanza kukohoa. Baki alimfuata kaka yake mashineni.

"Kaka, nipe ufunguo."

"Mdogo wangu, una wazimu? Mwezi huu? Jasho langu lote liko mle. Tukilifungua leo, mikosi ndiyo itatangulia kuingia."

"Basi usihamie wewe. Mwezi huu haturuhusiwi kuanza, lakini kutoa tumeamriwa. Mpe Bwana jengo hilo. Likiwa lake, halina saa mbaya."

Kaka alielewa kwamba haombwi kuazima. Kilichotolewa kwa Bwana hakirudi. Mkewe alizima mashine, na katika ukimya ule kikohozi cha watoto kikasikika kutoka ng'ambo ya barabara. Kaka akaufungua ufunguo kiunoni. "Chukua. Si langu tena." Kisha akalia kama mtoto, na hakuna haja ya kumfichia.

Mlango ukafunguliwa mchana kweupe, katikati ya mwezi uliokatazwa, na watu wakaingia wakiliimba jina la Bwana. Waliokuwemo wanaapa kwamba kuni zilizolowa chapachapa zilishika moto kwa kiberiti kimoja, na hakuna mtoto hata mmoja aliyekufa. Shangazi, ambaye nyumba yake ilizama, aliletwa amebebwa mgongoni. "Mwanangu, nilikukosea," alisema. Baki akamjibu, "Kula kwanza, shangazi."

Jengo halikurudi kuwa kinu. Baki aliishi humo akiwapokea wajane, wagonjwa na waliofukuzwa, hadi alipofariki katika uzee wake, siku ya mfungo ya mwezi wa ziada, baada ya kuwagawia wengine chakula asichokigusa. Mtaa mzima ulimsindikiza kwa ngoma na maua, kaka yake akiwa mbele.

Tumuige, basi. Mwezi wa ziada ukiingia, wengi hukaa wakisubiri upite. Wewe usisubiri. Tazama ulichokifunga ukingoja saa njema, utazame na nani anayelowana mlangoni pako, kisha ufungue.